Kuandaa Shughuli ya Chuo Kikuu Inayofikiwa na Watu Wenye Ulemavu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kupanga Tarehe hadi Kufunga Ukumbi

Katika mahafali moja niliyoshiriki kuyaandaa nikiwa mjumbe wa kamati ya ukumbi, tuliamini kwamba kila kitu kimekamilika. Mlango mkuu ulikuwa na njia ya mteremko, safu ya mbele ilikuwa imeachiwa nafasi mbili za vitimwendo, na mkalimani wa lugha ya alama alikuwa amefika mapema kuliko sisi wenyewe. Kisha likaitwa jina la mhitimu mmoja aliyekuwa akitumia kitimwendo, na hapo ndipo tulipobaini kwamba jukwaa lina ngazi tano ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzihesabu. Mgeni rasmi alishuka, akamkabidhi cheti palepale chini, na ukumbi ukapiga makofi mengi kuliko aliyopigiwa mtu mwingine yeyote siku ile. Mhitimu mwenyewe hakutabasamu. Alikuwa amesoma miaka ileile na kufaulu mitihani ileile, lakini wenzake wote walipanda jukwaani isipokuwa yeye.

Ninaanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo shughuli nyingi hukwamia. Hatukukosa nia wala fedha. Tulichokosa ni mtu wa kuifuata njia nzima ya mgeni mmoja, kuanzia anapopokea mwaliko hadi anapoondoka, na kuuliza katika kila kituo: hapa atapitaje, atasikiaje, atasomaje, na ni nani atakayekuwapo endapo kitu kitaharibika? Mwongozo huu umepangwa kwa kuifuata njia hiyo, na unafaa kwa kongamano, mhadhara wa jioni, warsha, mahafali au siku ya kuwapokea wanafunzi wapya.

Hatua ya 1: Tarehe, fungu la fedha na mtu mwenye jukumu

Kazi ya ufikivu huanza siku ile kamati inapochagua tarehe, kwa kuwa huduma zinazohitajika zaidi ndizo zisizopatikana kwa haraka. Wakalimani wa lugha ya alama waliozoea mijadala ya kitaaluma ni wachache na ratiba zao hujaa mapema. Kuchapa ratiba kwa maandishi ya nukta nundu kunahitaji kwanza maandishi yaliyokamilika, kisha mtu wa kuyageuza, kisha msomaji wa nukta nundu wa kuyahakiki. Kwa mkutano wa siku moja wenye wageni mia kadhaa, miezi mitatu inakuwezesha kufanya kazi kwa utulivu, na wiki sita zinatosha ikiwa uko tayari kupokea kinachopatikana. Chini ya hapo, muda mwingi utautumia kuomba radhi.

Fungu la ufikivu liandikwe kwenye bajeti kama mstari unaojitegemea, kama ulivyo mstari wa ukumbi au wa usafiri wa watoa mada, kwa sababu likifichwa ndani ya “mengineyo” ndilo litakalokatwa kwanza. Afisa wa fedha akiuliza kwa nini fedha zitengwe kabla hajajulikana mtu atakayezihitaji, yapo majibu mawili. La kwanza ni la kisheria: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008, unazitaka nchi wanachama katika Ibara ya 24 zihakikishe kwamba watu wenye ulemavu wanapata elimu ya juu bila ubaguzi, na kwamba marekebisho yanayofaa yanafanywa kwa ajili yao. La pili ni la hesabu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani takriban 16% ya watu wote duniani, wana ulemavu wa kiwango kinachoathiri maisha yao kwa uzito, na wapo wengi ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Mwandaaji anayesema kwamba hajawahi kupata mgeni mwenye ulemavu, mara nyingi anaeleza matokeo ya mwaliko wake mwenyewe.

Baada ya hapo, teueni mtu mmoja wa kusimamia ufikivu. Jukumu likiwa la kamati nzima huwa halina mwenyewe. Jina lake na namba yake ya simu ndizo zitakazoandikwa kwenye mwaliko, na awe na mamlaka ya kusema kwamba ukumbi fulani haufai. Akae na wanafunzi na wafanyakazi wenye ulemavu tangu kikao cha kwanza, wakati uamuzi bado unaweza kubadilika. Kuwaita wiki ya mwisho ili “wapitie maandalizi” ni kuwaomba wabariki yaliyokwisha kuamuliwa. Kama wengine wanaotoa ushauri wa kitaalamu kwa shughuli hiyo wanalipwa, na wao walipwe.

Hatua ya 2: Ukaguzi wa ukumbi, futi kamba ikiwa mkononi

Ukimuuliza msimamizi wa jengo kwa simu kama ukumbi unafikika, huenda akakujibu kwamba unafikika vizuri, ila kuna ngazi moja tu. Kwa mtu anayetumia kitimwendo cha umeme, ambacho peke yake kinaweza kuzidi kilo 100, ngazi hiyo moja ni ukuta. Kwa hiyo nenda mwenyewe, ukiongozana na angalau mtu mmoja anayetumia kitimwendo na mmoja asiyeona, na muanzie mahali magari yanaposhushia watu, wala si mlangoni. Angalieni kokoto, mifereji isiyofunikwa, magari yaliyozoea kuegeshwa juu ya njia ya watembea kwa miguu, na matawi au mabango yanayoning’inia usawa wa uso, ambayo fimbo nyeupe haiyagundui kwa kuwa hayagusi chini.

Njia ya mteremko hupimwa kwa uwiano. Kipimo kinachotajwa katika viwango vingi ni 1:12, maana yake kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 15 itahitaji mteremko wa sentimita 180, na jukwaa lenye kimo cha sentimita 60 litahitaji mita 7.2, kabla ya kuhesabu sehemu tambarare ya kugeukia ya kama mita 1.5 juu na chini. Hesabu hii ifanywe mapema, kwa sababu ndiyo inayoumbua ile mbao inayoegeshwa jukwaani asubuhi ya shughuli na kuitwa njia ya mteremko; mbao ya mita mbili kwenye jukwaa la sentimita 60 ina mteremko mkali ambao hakuna anayepaswa kusukumwa juu yake. Ushauri wangu, ambao wapambaji hawaupendi, ni kwamba kama hamna nafasi ya mteremko halali wala kifaa cha kupandishia, acheni jukwaa kabisa. Watoa mada wote wakae chini, viti vya wasikilizaji vipangwe kwa nusu duara, na skrini iinuliwe. Hakuna atakayekumbuka kwamba jukwaa halikuwapo.

Mlangoni, pimeni uwazi unaobaki mlango ukiwa umefunguliwa nyuzi 90, kwa kuwa upana wa mlango wenyewe unadanganya: mlango wa sentimita 85 unaweza kubakiza 78 pale ambapo bawaba na unene wa ubao vimekula nafasi. Viwango vya Marekani vinataka uwazi usiopungua sentimita 81.5, na sentimita 90 huwapa wengi utulivu. Ndani, kitimwendo kinahitaji duara lenye kipenyo cha kama mita 1.5 ili kigeuke bila kurudi kinyumenyume. Meza ya usajili au ya mtoa mada iwe na kimo cha kati ya sentimita 71 na 86, na nafasi ya magoti chini yake. Ile mimbari ndefu ya mbao iliyorithiwa tangu chuo kilipofunguliwa humficha mtu aliyeketi, hivyo iwepo meza ya kawaida yenye maikrofoni pembeni yake, na itumiwe na watoa mada wote ili isigeuke kuwa meza ya mtu mmoja.

Lifti ichunguzwe kwa swali la pili. La kwanza, kama ipo, kila mtu huliuliza. La pili ni hili: siku ya Jumamosi saa kumi na moja jioni, ufunguo wake uko kwa nani, na mtu huyo atakuwa zamu? Choo kikaguliwe kwa namna hiyo hiyo. Ingieni, fungeni mlango, geukeni, jaribuni kufikia bomba na sabuni mkiwa mmeketi. Mara nyingi mtakuta kimegeuzwa stoo ya mifagio na ndoo, au kimefungwa kwa kufuli “ili kisichafuliwe”. Andikeni yote mliyoyaona, pigeni picha, na pangeni nani atayaondoa na lini.

Yabaki mambo ya mwanga na sauti, ambayo wakaguzi wengi huyasahau kwa kuwa hayapimwi kwa futi kamba. Dirisha kubwa nyuma ya msemaji humfanya aonekane kivuli cheusi, na mtu anayefuata maneno kwa kusoma midomo hawezi kusoma kivuli. Mwanga mkali unaodunda kwenye sakafu ya vigae huwaumiza macho wenye ualbino na wengine wenye uoni hafifu. Piga kofi moja katikati ya ukumbi mtupu: ukisikia mwangwi unaoendelea, jueni kwamba wanaotumia shime sikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, watapata shida, na mtahitaji mazulia, mapazia au ukumbi mdogo zaidi.

Hatua ya 3: Mwaliko na fomu ya usajili

Mwaliko unaotumwa kama picha ya bango, wenye maandishi ya rangi ya dhahabu juu ya mandhari ya maua, hausomeki kwa programu ya kusoma skrini; kwa asiyeona ni faili tupu. Tumeni bango mkipenda, lakini maneno yake yote yaandikwe pia kama maandishi ya kawaida kwenye ujumbe wenyewe. Mwaliko ueleze yaliyopo na yasiyokuwepo kwa uwazi uleule: lifti ipo, choo kinachofikika kiko ghorofa ya chini, ukalimani wa lugha ya alama utakuwepo kwa vikao vyote, maegesho yako mita fulani kutoka mlangoni. Mgeni akijua mapema kwamba ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili haufikiki, anaweza kuwaandikia na mkauhamisha mjadala. Akiligundua hilo mlangoni, ameshapoteza nauli na siku yake.

Kwenye fomu, msimuulize mtu ana ulemavu gani. Hiyo ni taarifa ya afya ambayo hamuihitaji, na wapo watakaoificha kwa sababu za haki kabisa. Ulizeni anachohitaji, na mtoe mifano ili asidhani kwamba anaomba hisani: “Tafadhali tuambie tuandae nini ili ushiriki kikamilifu: ukalimani wa lugha ya alama (taja ipi), manukuu kwenye skrini, nyaraka za nukta nundu au maandishi makubwa, nyaraka za kielektroniki kabla ya siku, nafasi ya kitimwendo, kiti cha msaidizi binafsi, chumba tulivu, au jambo jingine.” Neno “jambo jingine” liachiwe nafasi ya kutosha ya kuandika. Msaidizi binafsi asitozwe kiingilio wala kuhesabiwa kama mgeni wa ziada, na mbwa mwongozi aruhusiwe kuingia popote anapoingia mwenyewe.

Wekeni tarehe ya mwisho ya kupokea maombi, lakini ombi litakalochelewa lisikataliwe kwa sababu hiyo tu. Jibuni kwamba mtajaribu, kisha mjaribu kweli. Kila aliyeomba kitu apate jibu lililoandikwa na binadamu ndani ya siku chache, likimweleza kitakachokuwepo na kisichowezekana. Majibu hayo yasomwe na watu wawili au watatu tu wenye kazi nayo, na yafutwe shughuli ikiisha.

Hatua ya 4: Ukalimani, manukuu na usikivu

Hapa ndipo fedha nyingi za ufikivu huenda, na ndipo hupotea kwa urahisi zaidi.

Hakuna lugha moja ya alama ya dunia nzima. Uingereza na Marekani huzungumza Kiingereza, lakini lugha zao za alama hazielewani. Ile ya Marekani ina undugu wa karibu zaidi na ya Ufaransa. Ndiyo maana fomu iliuliza “taja ipi”. Kwa kikao kinachozidi saa moja, wakalimani wawe wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa kuwa uchovu wa akili hushusha ubora wa tafsiri kabla mkalimani mwenyewe hajautambua. Anayepumzika hayuko mapumzikoni: humsaidia mwenzake kwa majina na tarakimu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa lugha ya alama aliyejitolea hawezi kukalimani mhadhara wa fizikia, hata akiwa na moyo mwema kiasi gani.

Wakalimani wapewe hotuba, slaidi, majina ya watu, vifupisho, mashairi na nyimbo wiki moja kabla. Mtoa mada anayedai kwamba yeye huzungumza bila kuandika aombwe angalau dondoo na orodha ya istilahi, maana mkalimani anayekutana na istilahi ngumu kwa mara ya kwanza jukwaani hubaki akiiandika herufi kwa herufi kwa vidole huku sentensi tatu zikimpita. Wasimame karibu na msemaji, mbele ya ukuta wa rangi moja, katika mwanga wa kudumu. Nasisitiza neno “kudumu”: taa za ukumbi zinapozimwa ili filamu fupi ionekane vizuri, mkalimani naye anazimwa. Wekeni taa ndogo inayomwangazia yeye peke yake, na fundi wa taa aambiwe asiiguse kwa sababu yoyote.

Ukalimani hauchukui nafasi ya manukuu. Wapo wengi waliopoteza usikivu ukubwani ambao hawajui lugha ya alama hata kidogo, na kwao maneno yaliyoandikwa kwenye skrini ndiyo njia pekee. Manukuu yanayoandikwa na mtaalamu papo hapo ni bora kuliko ya mashine, hasa pale wasemaji wanapochanganya lugha mbili katika sentensi moja, jambo ambalo programu nyingi hulivuruga vibaya. Mkilazimika kutumia ya mashine, ipeni istilahi mapema ikiwa inaruhusu, na mwekeni mtu wa kuyafuatilia. Skrini ya manukuu iwe tofauti na ya slaidi, au sehemu ya chini ya slaidi iachwe wazi.

Watumiaji wa shime sikio husaidika sana na mfumo wa waya unaozungushwa ukumbini na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa chao kwa njia ya sumaku. Mfumo huo hubeba kile tu kilichopita kwenye maikrofoni. Kwa hiyo yule profesa anayesimama na kusema “sauti yangu inatosha, sihitaji maikrofoni” amewafungia mlango watu kadhaa bila kujua, na ni kazi ya mshereheshaji kumpa maikrofoni hiyo kwa heshima na kungoja aishike. Maswali ya ukumbini nayo yapitie kwenye maikrofoni, au yarudiwe na mwezeshaji kabla ya kujibiwa.

Hatua ya 5: Watoa mada na nyaraka zao

Watumieni watoa mada ukurasa mmoja wa maelekezo, wala si zaidi, kwa sababu hawatausoma ukiwa mrefu. Mambo machache yanatosha. Maandishi ya slaidi yawe makubwa na machache, na rangi zitofautiane vya kutosha: viwango vya kimataifa vya tovuti vinataka uwiano wa angalau 4.5:1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake, na 3:1 kwa maandishi makubwa, na zipo programu za bure za kupima. Maana isibebwe na rangi peke yake; jedwali lenye “walioonyeshwa kwa nyekundu” halimwambii kitu mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani. Picha zinazometameta zaidi ya mara tatu kwa sekunde ziondolewe, kwa kuwa zinaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu.

La muhimu kuliko yote ni kusema kilichopo kwenye slaidi. “Kama mnavyoona hapa, tofauti ni kubwa” ni sentensi isiyo na maana kwa asiyeona, na kwa kweli hata aliyekaa safu ya mwisho haimfai. “Mchoro huu unaonyesha mistari miwili, wa wanawake unapanda tangu mwanzo, wa wanaume umebaki palepale” unachukua sekunde saba na unawafaa wote. Video iwe na manukuu, na kama picha zake zinasimulia jambo lisilosemwa, msemaji alieleze kabla ya kuianzisha.

Nyaraka zitumwe mapema kwa waliosajiliwa, katika faili ambalo maandishi yake yanaweza kuchaguliwa na kunakiliwa, kwani ukurasa uliopigwa picha ni picha tu. Vichwa vya habari viwekwe kwa mitindo ya programu yenyewe, picha ziwe na maandishi mbadala (maelezo mafupi ya picha kwa asiyeiona), na nakala za maandishi makubwa ziwe na herufi za ukubwa wa 18 hivi. Kuhusu nukta nundu, msichape kitabu kizima kwa kubahatisha. Ulizeni kwanza, maana wapo wasioona wanaopendelea faili la kielektroniki, na ukurasa mmoja wa kawaida hugeuka kurasa kadhaa nene za nukta nundu.

Hatua ya 6: Ratiba na mpangilio wa viti

Mapumziko ya dakika 15 ni ya mtu anayetembea haraka na choo kikiwa jirani. Anayesubiri lifti inayobeba kitimwendo kimoja kwa zamu atatumia muda huo wote kwenda tu. Wekeni dakika 30, anzeni kwa wakati na malizeni kwa wakati, kwa kuwa wapo waliopanga usafiri maalumu, dawa au msaidizi kwa saa kamili, nao hawawezi kusubiri hotuba ya shukrani iliyoongezwa dakika ya mwisho.

Nafasi za vitimwendo zisambazwe, mbele, katikati na pembeni, na kila moja iwe na kiti cha kawaida jirani ili mtu akae na rafiki yake. Kundi la vitimwendo vyote katika kona moja nyuma ya nguzo linaonekana nadhifu kwenye mchoro wa ukumbi na ni udhalilishaji kwa aliyemo ndani yake. Kuhusu viziwi, kuna somo zuri kutoka Chuo Kikuu cha Gallaudet kilichopo Washington, ambacho kilianzishwa kwa ajili yao: tangu 2005 wamekuwa wakiendeleza usanifu wa majengo unaofuata namna viziwi wanavyouona na kuutumia ukumbi, na mojawapo ya matokeo yake ni kupendelea viti vilivyopangwa kwa mviringo, kwa sababu anayezungumza kwa mikono lazima aonekane na wote. Kwa warsha ya watu 20 au 30, mpango huo haugharimu chochote.

Tengeni chumba kimoja kidogo kisicho na muziki wala mikutano, chenye mwanga unaoweza kupunguzwa, kwa ajili ya wenye usonji, wenye maumivu ya kudumu, au yeyote aliyelemewa na kelele. Kiandikwe kwenye ramani, na kisigeuzwe chumba cha kuhifadhia mabegi ya kamati. Vishindo vya ghafla, kama fataki au ngoma zinazoingia ukumbini bila taarifa, vitajwe kwenye ratiba.

Hatua ya 7: Wanaoshiriki kwa intaneti

Ushiriki wa mbali ni njia ya ziada na haupunguzi wajibu wa ukumbini. Jaribuni programu ya mkutano wa mtandaoni kwa kibodi peke yake, bila kipanya, na kwa programu ya kusoma skrini. Dirisha la mkalimani libandikwe lisipotee msemaji anapobadilika, na mtu mmoja apewe kazi ya kusoma kwa sauti maswali yanayoandikwa.

Hatua ya 8: Jaribio la siku iliyotangulia, na dharura

Siku moja kabla, rudieni safari yote mkiwa na wajitoleaji wenu: kutoka kituo cha kushushia, hadi meza ya usajili, kiti, choo, jukwaa na chumba tulivu. Washeni kila maikrofoni. Kaeni mahali watakapokaa viziwi na mtazame kama kichwa cha mpiga picha hakitamziba mkalimani. Mpiga picha aonyeshwe mapema mstari ambao havuki.

Dharura ijadiliwe hapo hapo. Lifti haitumiki wakati wa moto, hivyo aliyepanda ghorofa ya tatu kwa lifti anahitaji njia nyingine ya kushuka: mahali salama pa kusubiri panapojulikana na kikosi cha uokoaji, kiti maalumu cha kushushia kwenye ngazi, na watu wawili waliokwisha kujifunza kukitumia. Kama hakuna kimojawapo, hamisheni shughuli ghorofa ya chini. King’ora kiambatane na taa inayometa, na ikiwa jengo halina taa hiyo, kila kiziwi awe na mtu aliyekubaliana naye kumshtua, hata akiwa chooni.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Wapokezi wafundishwe mambo machache kwa vitendo. Uliza kabla ya kusaidia, na ukijibiwa “hapana, asante”, ondoka bila kununa. Kitimwendo ni sehemu ya mwili wa mwenyewe. Hakisukumwi wala kuegemewa bila ruhusa. Asiyeona hakokotwi kwa mkono: mpe kiwiko chako akishike, tembea nusu hatua mbele yake, mwambie ngazi zinapanda au zinashuka, na mkifika kitini weka mkono wake kwenye egemeo la kiti. Unapozungumza na kiziwi mtazame yeye, usimtazame mkalimani, na usiseme “mwambie kwamba”. Mbwa mwongozi yuko kazini, asichezewe.

Mshereheshaji naye ana lugha yake ya kubadilisha. Badala ya “naomba sote tusimame”, aseme “wanaoweza, tafadhali wasimame”. Kila msemaji ajitaje jina kabla ya kuanza, ili asiyeona ajue ni nani anayezungumza, na katika mjadala azungumze mmoja kwa wakati, kwa sababu wakalimani hawana mikono minne. Zaidi ya yote asitangaze kwa furaha kwamba “leo tunao pia wenzetu walemavu”, kauli ambayo nimeisikia mara nyingi, na ambayo kila mara huwageuza wageni waliokuja kusikiliza mhadhara kuwa sehemu ya maonyesho.

Msimamizi wa ufikivu siku hiyo asipewe kazi nyingine. Simu yake iwe wazi, na awe anazunguka: amekwisha kuona kama lifti inafanya kazi, kama choo kiko wazi, kama kuna aliyeweka masanduku kwenye njia ya mteremko.

Hatua ya 10: Baada ya wageni kuondoka

Rekodi ya video isiwekwe kwenye tovuti kabla manukuu yake hayajasahihishwa na binadamu. Dodoso la maoni litumwe kwa maandishi ya kawaida, na viziwi waruhusiwe kujibu kwa video ya lugha ya alama, ambayo mkalimani atalipwa kuitafsiri. Wakalimani na waandishi wa manukuu walipwe kwa wakati, kwa kuwa mnawahitaji tena na wao huambiana.

Vipimo vyote mlivyochukua, pamoja na picha, majina ya wanaoshika funguo na orodha ya yaliyoshindikana, viwekwe kwenye jalada moja kwa msimamizi wa jengo na nakala kwa ofisi ya wanafunzi, maana kamati ya mwaka ujao itakuwa ya watu wapya ambao nao watadhani ukumbi wanaujua. Jalada letu tulilianza wiki moja baada ya mahafali yale. Mstari wake wa kwanza unasema: jukwaa, ngazi tano, kimo sentimita 85, mteremko unaohitajika mita 10.2.